Kibao cha Mlango wa Mbele

Watu wa mtaani kwetu wanaiita nyumba yetu Kituo cha Mwisho, kama vile ni stendi ya mabasi, na wanadhani sijui. Najua sana. Masikio ninayo, na mdomo wa kujibu ninao. Siku moja muuza samani wa ng'ambo ya barabara alikuwa akimwelekeza mgeni: "Ni pale, wanapokwenda watu kufa." Nikamjibu kutoka dirishani kwamba kufa mtu anaweza kufia popote, hata dukani kwake, juu ya sofa ambayo hajailipia. Kuishi mpaka pumzi ya mwisho bila kusaga meno kwa maumivu, hilo linapatikana kwangu. Tangu siku hiyo aliacha kunisalimia, nami sikupungukiwa na kitu.

Mimi ndiye muuguzi mkuu hapa, na wagonjwa wananiita Kamanda kwa sababu ya sauti yangu. Nyumba ni ya hisani. Watu wachache wa hapa hapa waliianzisha kwa kuchangishana, daktari wetu anakuja kwa kujitolea, na mgonjwa halipi chochote. Tunawapokea wale ambao hospitali kubwa imewaambia kwamba hakuna tena la kufanya. Maneno hayo yananipandisha hasira kila nikiyasikia. Hakuna la kufanya vipi? Kuna maumivu ya kutuliza. Kuna kidonda cha kusafisha ili mwenye nacho asione aibu mbele ya wajukuu. Kuna midomo iliyokauka ya kulowanisha, nywele za kuchana, mgongo wa kugeuza usichubuke, na jamaa anayelia koridoni anayetakiwa kukalishwa na kupewa kikombe cha chai. Kazi tunayo tele, na tunaifanya vizuri. Sijivuni, nasema kilichopo. Basi, najivuna kidogo.

Zamani hapa palikuwa kiwanda cha mikate. Tanuri bado lipo, tunahifadhi mablanketi ndani yake, na jamaa wengine wanaapa kwamba mablanketi yetu yananukia mkate. Mlango wa mbele unatazama barabara kuu, lakini tangu tuhamie ulikuwa umefungwa kwa komeo. Tulitumia mlango wa nyuma, ule wa uchochoroni ambao zamani ulipitisha magunia ya unga. Wagonjwa waliingilia huko, jamaa zao waliingilia huko, na waliofariki walitolewa huko huko. Hakuna aliyewahi kutoa amri hiyo. Ni jamaa wenyewe walioona haya kuonekana, nasi tukawafuata mpaka ikawa desturi.

Desturi yetu nyingine ni ya kuulizana hali. Kila asubuhi naingia wodini, nasimama katikati, mikono kiunoni, nauliza, "Mpo?" Nao wanajibu, kila mmoja kwa sauti aliyobakiwa nayo, "Tupo." Asiyeweza kusema ananyanyua kidole. Ilianza kama utani wangu, na sasa nikichelewa kuuliza wananinunia.

Mzee Brashi alifika kwetu kwa mlango wa nyuma kama wenzake, gari la mwanawe likiwa limerudi kinyumenyume hadi kizingitini ili mtu yeyote asione anayeshuka. Alikuwa mwandishi wa vibao. Maduka, zahanati, gereji, shule, nusu ya mji huu ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake, na huwezi kumaliza mtaa mmoja bila kusoma kazi yake. Saratani ilimwanzia kwenye tezi dume, ikaingia kwenye mifupa ya mgongo. Alikuwa amekonda, lakini shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na mfukoni, mahali ambapo wengine huchomeka kalamu, alikuwa amechomeka brashi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia baada ya kumlaza na kumpa dawa yake ya kwanza. "Hapa mgonjwa akifika tunamuuliza kazi gani imembakia. Wewe imekubakia ipi?"

"Marahaba. Kwanza nikuulize mimi," akasema. "Kibao chenu kiko wapi?"

"Hatuna."

"Hamna kibao? Hata anayeuza vocha chini ya mwavuli ana kibao. Mmeniingiza kwa uchochoroni kama gunia la unga, na mbele hakuna hata herufi moja. Nyumba isiyo na kibao ama ni ya wezi, ama inajionea haya. Nyinyi ni wepi?"

Mimi nina jibu la kila mtu, lakini hapo nilianza kumpangia mito upya.

"Basi kazi yangu ni hiyo," akasema. "Nitawaandikia kibao. Kwa mkono huu, kabla haujanikatalia."

Mwanawe alikuwa amesimama pembeni na begi la nguo. Ni mtu mzima, baba wa watoto, ana duka la kuchapisha mabango kwa kompyuta mwanzoni mwa barabara yetu hii hii. "Baba, pumzika," akasema. "Kibao ni kazi ya nusu saa. Nitakuchapia dukani."

"Nimesema kuandika," mzee akamjibu. "Kuchapa sikusema."

Maneno ya kuandika tuliyajadili asubuhi ya pili, wakati wa uji. Jina letu la kwenye makaratasi ni refu kama treni, na Mzee Brashi alilikataa palepale. Alisema kibao ambacho mtu hakisomi akiwa anapita na baiskeli si kibao, ni barua. Kila mtu akatoa lake. Mmoja alitaka neno faraja, mwingine akataka amani, na dereva wa zamani wa lori akataka tuandike "Punguza mwendo". Tukacheka mpaka mmoja akahitaji kushikiwa mbavu.

Aliyemaliza mjadala ni Bibi wa Redio. Huyu ni bibi mwenye kitanda cha dirishani na redio ndogo ambayo haimtoki sikioni. Kila siku anasikiliza matangazo ya vifo toka mwanzo hadi mwisho, ahakikishe, kama asemavyo mwenyewe, kwamba hajatajwa. "Mbona mnajisumbua?" akasema. "Si aandike kile tunachomjibu Kamanda kila asubuhi?"

Mzee Brashi akaandika hewani kwa kidole. "TUPO," akasema. "Herufi nne. Chini yake, kwa ndogo, Karibuni. Bibi, ungekuwa kijana ningekuajiri." Halafu akakunja uso. "Ila ya mwisho ni O. Herufi nyingine fundi anaweza kuzidanganya kwa rula. O haina pa kuegemea. Ukitaka kumjua fundi, tazama O yake."

Ubao tuliupata humu humu ndani. Meza ya kukandia unga, ile tuliyokuwa tukikunjia bandeji, ni mbao ngumu isiyojua kuoza. Seremala mmoja anayetusaidia Jumamosi aliitoa miguu, akaipiga msasa, akaipaka rangi nyeupe. Tukaisimamisha kwenye chumba cha tanuri, ambako mwanga unaingia kutoka paani, na Mzee Brashi tukamkalisha kwenye kiti cha magurudumu kilichojazwa mito. Alipiga mistari yake kwa uzi uliopakwa chaki, akauvuta na kuuachia, pa, na mstari ukabaki umenyooka. Alikuwa na fimbo nyembamba yenye kitambaa kilichoviringwa nchani. Anaishika kwa mkono wa kushoto, ncha inaegemea ubaoni, na juu ya fimbo anapumzisha kifundo cha mkono wa kulia ili brashi isiyumbe. Aliandika T kwa bluu yenye ukingo mwekundu. Nimeona mengi, lakini nilisimama pale na beseni langu nikasahau nilikuwa napeleka wapi.

Baada ya T, mambo yakaanza kwenda kombo. Mzee alikuwa akitoka jasho, taya limekaza, na usiku anaumana na mto. Nilimpimia dawa mwenyewe, kwa wakati, bila kukosa. Nikampigia daktari, akapandisha kipimo. Hakuna nafuu. Akapandisha tena. Mzee bado anakauka kwa maumivu, tena bila kusinzia hata kidogo, jambo ambalo halikuniingia akilini. Mofini, dawa yetu ya maumivu, si maji ya kunde.

Alasiri moja nilikwenda kumsafishia vyombo vyake vya kazi. Tapentaini ya kuoshea brashi alikuwa ameiweka kwenye chupa pana ya jamu. Nikainyanyua kwenye mwanga. Juu kulikuwa na tapentaini, na chini yake, peke yake, tabaka la maji ya kijani limetulia kama mtu aliyejificha mvunguni. Kibao chetu kilikuwa cha bluu na nyekundu. Kitu cha kijani ndani ya nyumba hii ni kimoja tu: mofini yetu ya maji, ambayo inatiwa rangi ili mtu asiidhanie maji ya kunywa.

Nilikwenda moja kwa moja kitandani nikampa vidonge vyake, na sizungumzii vya hospitali.

"Mzee, unanitemea dawa kwenye tapentaini?"

Hakukana. "Naishika mdomoni," akasema. "Ukinipa kisogo naitema. Sikutaka kukuvunjia heshima."

"Heshima gani hiyo? Watu wanaililia dawa hii. Kuna wagonjwa mahali pengine wanakufa wakiiomba. Wewe unaoshea brashi?"

"Sista, sikiliza. Siku za mwanzo nilisinzia mpaka brashi ikanidondoka. Mkono nao ulikuwa unatetemeka. Nikasema, hapa ni kuchagua. Maumivu nitayabeba. Kibao hiki kikinipita, sitapata kingine." Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na yeye si mtu wa machozi. "Niachie mkono wangu. Vingine vyote chukua."

Hasira ikaniishia palepale. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo nawakataza wauguzi wangu, nikamshika huo mkono.

Daktari wetu alikuja asubuhi iliyofuata. Ni mwanamke mpole anayezungumza polepole, na ndiyo maana tunasikilizana, kwa kuwa nafasi ya makelele naichukua mimi. Hakumgombeza. Alimweleza kwamba usingizi wa siku za mwanzo ni wa kupita, mwili ukizoea unaondoka. "Na kuhusu mkono," akasema, "tusibishane. Tuupime."

Akamtandikia gazeti la zamani magotini, akampa brashi. "Piga mstari sasa hivi, kabla ya dawa."

Mzee Brashi akapiga. Mstari ulipanda ukashuka kama barabara ya milimani. Kisha akanywa dawa mbele yetu, kwa kipimo kile cha mwanzoni, kwa sababu vile tulivyopandisha havikuwahi kumfikia tumboni. Nikamwambia afungue mdomo, anyanyue ulimi, kama mtoto wa chekechea. Tukasubiri. Redio ya Bibi ikasoma habari, ikasoma bei za mazao, ikasoma matangazo ya vifo mpaka mwisho. "Leo pia sijatajwa," Bibi akatangaza. Taya la mzee lilikuwa limelegea, na mabega yaliyokuwa yamepanda hadi masikioni yakashuka.

"Haya," daktari akasema. "Piga mwingine."

Mstari wa pili ulinyooka. Haukuwa kama wa uzi wa chaki, lakini ulikuwa mstari wa fundi. Mzee Brashi aliinamisha kichwa akailinganisha ile mistari miwili.

"Kumbe aliyekuwa anaandika ni maumivu," akasema.

Kuanzia hapo tukawa na mpango. Daktari alipanga dawa ya asubuhi iwe ya kutosha kuyaweka maumivu nje ya mlango bila kumfunga mzee macho, na akaacha dozi ya akiba iwapo maumivu yatajipenyeza. Mimi nikapanga kuogeshwa, kubadilishwa shuka na chakula vizunguke saa zake za kazi, na yeyote aliyekwenda kumsumbua wakati brashi iko mkononi alinitambua. Wagonjwa wengine wakaanza kuomba kusukumwa hadi chumba cha tanuri kutazama. Dereva wa lori, ambaye alikuwa hajatoka kitandani kwa kukosa sababu, alipata sababu. U ikaandikwa, kisha P. Nilikuwa natembea koridoni kifua mbele kama vile brashi naishika mimi.

Mwanawe alikuwa akija kila asubuhi kabla ya kufungua duka, anapitia uchochoroni, akiangalia nyuma kama mdeni. Alishatukuta mara nyingi kwenye "Mpo?" na "Tupo" yetu, akasimama mlangoni akitabasamu bila kujibu. Asubuhi moja akaingia na bomba refu la turubai begani.

"Baba, usijitese tena," akasema. "Tazama."

Akalikunjua, likajaza chumba kizima. Lilikuwa bango kubwa linalong'aa, TUPO kwa herufi zenye kivuli, Karibuni chini yake, na picha ya mikono miwili imeshika ua ambalo hakuna aliyewahi kuliona likiota popote. Alikuwa amelifanya kwa mapenzi, hilo niliona. Mzee Brashi alilitazama toka kona hadi kona.

"Limetoka zuri," akasema taratibu. "Sasa likunje."

Kama angemfokea ingekuwa nafuu. Mwana alilikunja bango, akatoka nalo koridoni, nami nikamfuata.

"Unaharakisha nini?" nikamuuliza.

"Nataka apumzike, Sista. Si mnaona hali yake?"

"Kupumzika atapumzika, na kwa muda mrefu. Niambie la kweli."

Aliegemea ukuta. "Wateja wangu wakimuulizia baba nawaambia amesafiri kwa matibabu. Mtaa mzima unajua hivyo. Watu wanasema ukimleta mzazi hapa, umemtupa. Hiki kibao kikipanda pale mbele, na mwandiko wake kila mtu anaujua, nitasema nini?"

Angekuwa mtu mwingine ningemchambua kama karanga. Lakini alikuwa ameshika lile bomba la turubai kifuani kama mtoto mchanga, na nikaona kwamba huyu naye anaumwa, ila hajalazwa.

"Baba yako," nikamwambia, "alikuwa anatema dawa yake ili aandike. Alikubali kuchomwa na mifupa yake mwenyewe, mchana na usiku, ili herufi nne zitoke sawasawa. Wewe unauliza utasema nini? Mimi ningekuwa na baba wa namna hiyo, mtaa mzima usingelala kwa kunisikia."

Alifunika uso kwa mikono. Nilimwacha alie, kisha nikamletea kikombe cha chai, kwa kuwa hiyo nayo ni kazi yetu.

Siku ya O, mzee aliamka amechoka. Usiku alikuwa ametulia, maumivu yalikuwa mbali, lakini nguvu nazo zilikuwa zinaondoka, na kwa nguvu hatuna dawa. Nilimwambia tuahirishe. Akaniambia O haiahirishwi. Tukampeleka chumba cha tanuri, na mwanawe, ambaye siku hiyo hakwenda dukani, akasukuma kiti.

Mzee alichovya brashi, akaegemeza kifundo kwenye fimbo, akaanza kutoka juu kuja kushoto. Rangi ilikuwa inateleza vizuri. Nusu ya kwanza ikashuka, ikazunguka chini, na hapo mkono wa kushoto ukashindwa kuibeba fimbo. Ikaanguka sakafuni. Mzee akainyanyua brashi haraka, isichafue.

"Rangi inakauka," akasema. "Ikikauka hapa, kiungo kitaonekana milele."

Nikapiga hatua moja mbele. "Wewe hapana," akanizuia. "Wewe unajua sindano."

Mwanawe alikunja mkono wa shati. Akapiga magoti kando ya kiti, akaunyoosha mkono wake mbele ya ubao, na juu ya mkono huo akaweka kifundo cha baba yake. Nilimwona anataka kuusogeza.

"Usiniongoze," mzee akasema. "Nibebe tu."

Mwana akatulia. Mkono wa baba ukasafiri juu ya mkono wake, ukapanda upande wa kulia polepole, ukakunja juu, ukarudi mahali ulipoanzia. Brashi ilipogusa mwanzo, mzee akaizungusha kidogo kwa vidole viwili na kuitoa, na sikuweza tena kujua O ilianzia wapi na iliishia wapi. Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimewafundisha wasichana na wavulana wengi uuguzi, na sijapata maneno bora ya kuielezea kazi yetu kuliko yale mawili. Sasa ndiyo nawaambia wanaoanza: usimwongoze, mbebe tu.

Karibuni iliandikwa na mwana. Baba alikuwa akimsahihisha kutoka kwenye mito, na hakumhurumia.

Komeo la mlango wa mbele lilikuwa limeshika kutu. Tulilimwagia mafuta ya kupikia, seremala akaligonga kwa nyundo, mlango ukalia, ukafunguka, na barabara yote ikaingia ndani kwa mara moja, kelele, vumbi na jua. Kibao kikapanda juu ya mlango. Tukawatoa nje wote walioweza kutoka, viti vimepangwa kwenye baraza, Bibi wa Redio akiwa amevaa hereni. Mzee Brashi aliinua uso akakitazama kibao chake kwa jicho moja, kama wanavyofanya mafundi, akatafuta kosa. Hakulipata.

Mteja mmoja wa mwanawe alikuwa akipita. Akasimama. "Huyu si mzee wako? Si ulisema amesafiri?"

Nilikaza mkono kwenye kiti. Mwana aliweka mkono begani mwa baba yake.

"Hakusafiri," akasema. "Yupo hapa, anatunzwa. Na hicho kibao amekiandika yeye, wiki hizi hizi. Tazama hiyo O."

Alisema kwa sauti, na muuza samani akatoka dukani kwake kuja kuangalia. Juu ya duka lake palikuwa na kibao cha siku nyingi, chenye O mbili, na hakuna aliyehitaji kumwambia zimeandikwa na nani. Aliangalia kwake, akaangalia kwetu. Akavuka barabara, akampa mzee mkono kwa mikono miwili. Mimi hakuniambia kitu, lakini aliniinamishia kichwa.

Mzee Brashi alitutoka siku chache baadaye, asubuhi, baada ya kuogeshwa. Aliniambia maji yalikuwa ya moto vizuri. Uso wake haukuwa na mkunjo hata mmoja wa maumivu, na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mkono wa mwanawe. Hayo nayaeleza kwa fahari kwa sababu hayakutokea yenyewe. Kuna watu waliyafanyia kazi.

Gari la kumchukua lilipokuja lilikwenda uchochoroni kwa mazoea, na wabebaji wakaanza kugeuza machela kuelekea mlango wa nyuma. Nilifungua mdomo wangu, na kwa mara ya kwanza mtu akaniwahi.

"Gari lizunguke," mwana akasema. "Baba hapitii nyuma."

Likazunguka. Tukamtoa kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, chini ya herufi zake. Daktari alikuwepo. Dereva wa lori alisimama kwa kunishikilia mimi. Ng'ambo, nyundo za mafundi wa samani zikanyamaza, na mwenye duka akavua kofia. Watu wakasimama barabarani, na hakuna aliyegeuza uso. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuaga, kwa kuwa hilo ni jukumu langu, lakini nilibaki namnyooshea mzee shuka lililokwisha kunyooka, mimi mwenye mdomo wangu wote.

Mwana alikuwa ameshafika mlangoni mwa gari. Akageuka. Akakitazama kibao, akatutazama sisi tuliojipanga chini yake, viti, magongo, aproni na yote, akaweka mikono kiunoni, na akauliza kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa barabara:

"Mpo?"

Tukamjibu.